Tagi Zilizotafuta Damu

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na sungura, ni zamani za juzi tu, kompyuta zilipokuwa bado na kisogo na kuihamisha moja ni kuita majirani, palikuwa na wanawake watatu mjini Mbeya waliofanya kazi chumba kimoja. Kazi yao ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao. Wa kwanza ni Hidaya, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Wa pili ni Nyamizi, mtu wa Tabora, fundi wa Java, lugha ya kuandikia programu, mwenye haraka. Ukimsalimia za asubuhi anakujibu za jioni. Wa tatu ni Tusajigwe, mwenyeji wa hukohuko, na kazi yake ilikuwa kuvijaribu vilivyojengwa na wenzake mpaka vivunjike. Kazi yake ilikuwa kutoamini, na aliiweza hasa. Hata chai alikuwa akiinusa kwanza.

Wakapewa kazi. Hospitali za upande ule zilitaka ukurasa mmoja wa damu. Kila hospitali ingetuma faili lake la XML likieleza ina chupa zipi za damu, zipi zimetumika, zipi zimeharibika, zipi zimewekewa mgonjwa mwingine. Ukurasa ungeyasoma mafaili yote, ungechuja, na muuguzi akiuliza damu iko wapi, ungemjibu. XML, kama huijui, usiiogope. Ni maandishi yaliyofungwa kwa mabano, kila kitu na jina lake, kama jikoni kwa mama mkwe ambako kila kopo limeandikwa: chumvi, sukari, iliki.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ubishi ulianzia hapa. Ukurasa wa Java husomeshwa XML kwa tagi. Tagi ni neno dogo unaloliweka kwenye ukurasa, na nyuma yake kazi nzito yote imejificha. Tagi za kazi moja zikikusanywa pamoja zinaitwa maktaba, na maktaba ziko nyingi kama maduka ya vitenge. Ukikosea kuchagua, utajua siku ya kuvaa.

Hidaya akasema, "Tuchukue maktaba ya kawaida, ile inayotumiwa na kila mtu. Mimi nikihama kesho, atakayekuja ataukuta ukurasa anaousoma."

Nyamizi akasema, "Ya kawaida nzito, dada! Inameza faili zima kwanza ndipo ianze kujibu. Mimi nitaandika yangu, isome huku inatembea."

Tusajigwe akasema, "Mimi sina maktaba. Leteni mnachotaka, nitakivunja."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nyamizi alikuwa na maneno mengi, Hidaya alikuwa na neno moja, na mwenye neno moja hachoki. Ikachukuliwa maktaba ya kawaida. Nyamizi akanuna, akaandika ya kwake pembeni hivyohivyo, kwa sababu fundi aliyekatazwa huwa mikono inamwasha. Hidaya alipomwona hakumzuia. Alimwambia, "Andika mdogo wangu, lakini zipe tagi zako majina yaleyale ya hizi zangu, tagi kwa tagi. Siku tukizihitaji, tusibomoe nyumba kwa ajili ya kubadili kitasa."

"Majina yenyewe mabaya," akasema Nyamizi.

"Mabaya hivyohivyo."

Akayatumia. Alilalamika wiki nzima, lakini akayatumia.

Ukurasa ukaisha. Tusajigwe akaujaribu. Akatengeneza mafaili yake mwenyewe, masafi, yamepangwa vizuri, akaulisha ukurasa. Ukasoma. Akauchomolea waya wa mtandao, ukasoma. Akaupa faili tupu, ukasema hakuna damu. Akaridhika, na kwa Tusajigwe kuridhika ni sherehe. Hospitali zikaanza kuutumia, na watu wengi wakapata damu bila kujua kwamba kuna wanawake watatu waliogombania tagi.

Zikaja mvua.

Mvua ya kule mnaijua, na asiyeijua asiombe aijue. Ilinyesha, ikapumzika ili ipate nguvu, ikanyesha tena. Mnara wa simu ukazima. Laini ya nje ya mtandao, ile inayokwenda duniani, ikakatika. Ikabaki laini ya ndani tu, ile inayounganisha hospitali na ofisi ya kina Hidaya, nayo ilikuwa nzima kabisa.

Mchana huo, katika hospitali iliyotazamana na ofisi yao, mwanamke aitwaye Sekela alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akalia, akanyamaza, akapata joto. Lakini mama yake alikuwa anavuja damu na haikukatika. Damu yake ilikuwa kundi O hasi, ile isiyopatikana kirahisi, na kabati la hospitali halikuwa nayo. Mumewe, Asajile, akatoa mkono wake, wakapima, haikufaa. Muuguzi, Sista Enea, akapiga simu. Simu ikawa kipande cha plastiki. Akakimbilia kompyuta.

Akauliza ukurasa: damu iko wapi? Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukanyamaza.

Akafunga, akafungua, akauliza tena: damu iko wapi? Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukanyamaza.

Sista Enea akamgeukia Asajile. "Baba, vuka barabara. Ghorofa ya pili. Waambie mkeo ni O hasi, ukurasa wao haujibu na ana muda mfupi."

Asajile alivuka barabara kama ng'ombe aliyekata kamba. Akaingia ofisini anachuruzika maji, viatu vimebaki matopeni, akasema sentensi moja tu: "Mke wangu anakufa, damu yake O hasi, na ukurasa wenu unazunguka."

Nani kati yenu angeweza kugusa kompyuta baada ya kuambiwa hivyo? Hidaya alivuta kiti akakaa. Ukurasa ule ulikuwa wake, kwa maktaba aliyoichagua yeye, kwa shingo yake ngumu.

Akauliza mwenyewe: damu iko wapi? Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukanyamaza.

Nyamizi akafungua faili moja la hospitali, akautazama mstari wake wa juu, akapiga kelele. "Linangoja laini ya nje!"

Na hapo niwaeleze, maana ndipo lilipo kosa. Wiki moja kabla ya mvua hospitali zote zilikuwa zimepewa programu mpya ya kutengenezea mafaili. Programu hiyo ikaweka mstari mmoja juu ya kila faili, unaosema: kanuni za kunisoma ziko mahali fulani, kisha anwani, na anwani yenyewe ng'ambo. Basi maktaba ya kawaida ni tiifu mno. Kabla ya kusoma neno lolote, inakwenda kwanza kule ng'ambo kuchukua kanuni. Laini ikiwa nzima inakwenda na kurudi hujajua. Laini ikikatika, inasimama mlangoni inangoja. Ni kama mgeni anayekataa kukaa mpaka apigiwe simu mjomba wake aliyeko Ulaya, na nyie mmeshapakua.

Hidaya akasema, "Tagi zako, Nyamizi. Zinakwenda kuchukua kanuni?"

"Zangu haziulizi mtu njia," akasema Nyamizi. "Zinasoma tu."

"Ziweke."

Na kwa kuwa tagi za Nyamizi zilikuwa na majina yaleyale ya zile za kawaida, hakuna kilichobomolewa. Juu ya ukurasa kuna mstari unaosema maktaba ipi inatumika. Nyamizi akaubadili mstari huo mmoja. Tagi zote za chini zikabaki zilivyo, na uchujaji wote wa Hidaya ukabaki ulivyo. Najua kuna mmoja hapo nyuma anataka kusema wangeyasoma tu mafaili kwa macho. Yasome wewe! Ni maandishi yasiyo na pumzi, chupa iliyotumika imekaa ubavuni mwa chupa iliyopo, iliyoharibika ubavuni mwa nzima. Muda wa kuchambua hayo Sekela hakuwa nao.

Wakauliza: damu iko wapi? Ukurasa ukafikiri kidogo, ukajibu. Kundi O, hospitali ya Mlimani, ipo.

Nyamizi akaruka. Hidaya akaficha uso kwa viganja akasema alhamdulillahi. Asajile alikuwa ameshageuka, yuko mlangoni, anakwenda kumwambia dereva wa gari la wagonjwa apandishe Mlimani.

Tusajigwe akasema, "Simama!"

Asajile akasimama. Fikirini nyie, mke anakufa ng'ambo ya barabara, jibu limepatikana, na mwanamke usiyemjua anakwambia simama. Mimi ningemtukana. Nyamizi alimtukana kweli. "Tusa, una wazimu? Mwache mtu aende!"

"O ipi?" akauliza Tusajigwe. "Hapa pameandikwa O. Hasi au chanya?"

Ukurasa ulisema O, haukusema O ipi.

Tusajigwe akafungua faili la Mlimani, akaitafuta chupa ileile iliyotajwa, akaipata. O chanya. Katika mafaili yale, kundi la damu huandikwa katikati, baina ya mabano ya kufungulia na ya kufungia, lakini alama yake, hasi au chanya, huandikwa ndani ya mabano yenyewe, kando ya jina. Tagi za Nyamizi zilisoma katikati, mabano zikayaruka. Haraka ya mwenyewe, nimeshawaambia kuhusu habari za asubuhi.

Mlimani maabara wangegundua, wasingeitoa damu ile. Lakini gari lingekuwa limeshapanda mlima kwa utelezi ule, na damu ya kweli ilikuwa hospitali ya Bondeni, na Mlimani na Bondeni ni kama mgongo na tumbo. Huwezi kuzifikia kwa safari moja. Sekela hakuwa na damu ya kungojea safari mbili.

Nyamizi hakubisha tena. Akakaa, akaziongezea tagi zake macho ya kuona ndani ya mabano. Asajile amesimama, anamtazama vidole, midomo inatembea anaomba. Wakauliza kwa mara nyingine: damu iko wapi?

Kundi O hasi. Hospitali ya Bondeni. Ipo.

Tusajigwe akalitazama jibu kama mtu anayenusa maziwa. Akafungua faili la Bondeni, akahakikisha. "Nenda," akasema. "Nenda sasa."

Gari likashuka Bondeni. Damu ikaja ndani ya kisanduku chenye barafu, ikapimwa, ikafaa, ikaingia mshipani tone kwa tone. Jioni ile ile Sekela alifumbua macho, akaomba uji. Uji! Asajile aliposikia mkewe anaomba uji alikaa sakafuni kwenye korido ya hospitali akacheka na kulia kwa pamoja, mpaka Sista Enea akamwambia, "Baba, sogea kidogo basi, watu wanapita." Upande wa pili wa barabara, Hidaya, Nyamizi na Tusajigwe walipata habari, wakakumbatiana bila kujuana mkono wa nani ni wa nani. Nyamizi aliomba radhi kwa lile tusi. Tusajigwe akamwambia hakulisikia, naye alilisikia vizuri sana. Jamani, kuna raha gani kuliko ya jambo baya lililokupitia ubavuni likaenda zake?

Hadithi ingeishia hapo tukaenda kulala. Lakini kuna jina.

Katika nyumba ya kina Asajile, mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Na akizaliwa kwa shida, hupewa jina la mtu aliyemfungulia mama yake njia. Mtu huyo huwa wajina wake. Ndiye anayembeba kumvusha kizingiti mara ya kwanza, ndiye anayeitwa kwenye ugonjwa wake, masomo yake na posa yake, mpaka mmoja wao aingie kaburini. Ni undugu kamili, ule wa kupigiwa hodi bila taarifa.

Kitovu kikadondoka. Wanawake wale watatu wakaalikwa, wakaja na sukari na sabuni na kanga za mtoto. Mama yake Asajile, Bibi Subilaga, akawapokea kwa mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama zikalainika, akawashika mikono mmoja mmoja akisema ndaga fijo, ahsanteni sana, ahsanteni sana. Wakala, wakacheka, Nyamizi akaongeza sahani. Sekela alikuwa ameketi mkekani, amekonda lakini uso una nuru, mtoto kifuani.

Akasema, "Wakati ule mimi nilikuwa nimelala, sikuona kitu. Niambieni wenyewe dada zangu, nani alinifungulia njia? Nataka kumwita mwanangu jina."

Asajile akasema, "Mimi nilikuwepo na sijui. Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Tumpe yote matatu."

"Hapana," akasema Bibi Subilaga. "Mwenye wajina watatu hana wajina. Kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda kumwona. Moja."

Kisha Hidaya akazungumza, sauti ileile ya chini.

"Mimi sikuzoea kujisemea, lakini leo nitajisemea. Ukurasa ule ni wangu. Ningewaacha waandike ovyo, siku ile kusingekuwa na mstari mmoja wa kubadili. Kungekuwa na ukurasa mzima wa kushona upya, na Sekela angekwenda. Mimi ndiye niliyemwambia Nyamizi ayafuate majina. Damu ilipatikana kwa sababu nyumba ilijengwa ya kubadilishwa kitasa." Akamtazama mtoto. "Na niseme la moyoni. Nimeolewa miaka mingi, Mungu hajanijalia. Kumsikia mtoto anaitwa Hidaya, mwenzenu ningefurahi kupita kiasi."

Nyamizi akafuta vidole. "Pole dada, nakupenda, lakini nyumba yako ndiyo iliyomfungia mtu nje. Maktaba uliyoing'ang'ania ndiyo iliyosimama mlangoni ikingoja ng'ambo. Nilisema, mkanikatalia. Nani aliyelisoma faili pale mgeni wenu tiifu alipokataa kukaa? Tagi zangu. Zile mlizosema za pembeni. Ziondoe siku ile, hata majina mazuri namna gani, mstari ungebadilishwa kuwa nini? Hapa Mbeya sina ndugu hata mmoja. Mtoto huyu akiitwa Nyamizi, ninaye."

Tusajigwe akacheka kidogo. "Tagi zako, Nyamizi, zilikuwa zinampeleka baba wa watu Mlimani kufuata damu isiyofaa. Nyie wawili mlishamaliza. Mmoja anaruka, mmoja anashukuru Mungu. Ningewaunga mkono, leo tungekuwa tumekaa hapa kwa msiba. Neno langu lilikuwa moja tu, simama, na kwa neno hilo nikatukanwa. Mimi sijasoma faili, sijajenga ukurasa. Nilimzuia mtu asipotee njia. Si ndiyo mnasema kufungua njia?"

Hidaya akamjibu polepole, "Lakini Tusa, hospitali zilipopewa programu mpya, ungetujaribia kwa mafaili yao wenyewe badala ya kutegemea yale uliyojitengenezea, yale masafi, si ungeyaona yote haya kabla ya mvua? Tagi zake za pembeni pia zilipita mikononi mwako, ukasema hazina haja ya kujaribiwa."

Tusajigwe akainamisha kichwa. "Hilo ni kweli," akasema. "Sikatai."

Bibi Subilaga alisikiliza yote. Mambo ya tagi hakuyaelewa hata kidogo, lakini watu aliwaelewa. Akasimama, akamchukua mtoto kwa Sekela, akamfunika vizuri. Akaenda mpaka mlangoni, akageuka. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya matope. Wanawake watatu wakasimama pia, na kila mmoja, bila kujijua, akanyoosha mikono. Sekela aliwatazama wote watatu, machozi yakamjaa, maana aliwapenda sawasawa na hakuweza kuchagua.

Sasa nyie mmekula muda wangu, nilipeni akili. Msiniambie wote, bibi ameshakataa. Msiniambie Hidaya kwa sababu hana mtoto, wala Nyamizi kwa sababu hana ndugu. Njia haifunguliwi kwa huruma. Wala msimnyime mtu kwa kosa lake, maana hapo hakuna hata mmoja asiye na kosa. Aliyejenga nyumba ikabadilika, aliyelisoma faili wengine wakingoja, na aliyesema simama wengine wakishangilia: mtoto amelala mikononi mwa bibi, mama yake anangoja kumwita.

Haya, semeni. Aitwe nani?